Kuingia Tunduni Si Kupatana

Mwandishi aliyeshikilia kwamba kadi ya upanuzi ikikaa barabara katika tundu lake, na umeme ukaifikia, basi hapana sababu tena ya kuushuku upatanifu wake na kompyuta, ametoa hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi mkuu, nazo ni nyaya za anwani.

Kompyuta ya IBM PC/AT, iliyotoka mwaka 1984, ilizipa kadi zake nyaya 24 za anwani, ambazo kwazo haiwezekani abadani kufikia zaidi ya megabaiti 16 za kumbukumbu. Natutwae basi kadi ya diski ya namna hiyo, iandikayo kumbukumbuni yenyewe pasipo kupitia kwa prosesa, tuitie katika mashine yenye megabaiti 32, kisha iamriwe kuweka data penye anwani ya megabaiti 20: biti za juu hazina waya wa kuzichukua, kwa hiyo data itashukia penye megabaiti 4, na kuyafuta yaliyokuwapo bila ya onyo.

Mwandishi huyo atasema kwamba programu hutengeneza yote. Ni kweli kwamba Linux, katika mashine hizo, hutenga megabaiti 16 za mwanzo, data ikatua huko kwanza, kisha ikanakiliwa inakotakiwa. Lakini kunakili huko humla prosesa wakati wake, na programu isiyofanya hivyo huharibu amana za watu. Kumhakikishia mnunuzi salama isiyokuwapo ni dhuluma; aambiwe wazi, kabla hajatoa fedha zake, kadi hiyo inafikia wapi.