Breki ya nyuma imelegea? Hiyo si ya kuzoea

Pita kwenye steji ya boda ya mtaani kwenu uangalie nduthi za zamani, zile Boxer na TVS ambazo rangi ya tangi imeisha kwa kusuguliwa na magoti. Omba ukanyage pedali ya breki ya nyuma. (Omba kwanza, usije ukachapwa bure.) Utapata kadhaa ambazo mguu unazama weee, karibu uguse lami, ndipo breki ishike. Muulize mwenyewe na atakujibu bila wasiwasi: "Hiyo nishaizoea."

Sasa hapo kwa kuzoea ndipo mimi na yeye tunakosana. Ukienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde unakata karibu mita 14. Mguu ukipoteza nusu sekunde ukitafuta mahali breki inaposhika, umeshaenda mita 7 zaidi. Hiyo ni zaidi ya urefu wa matatu ya abiria 14. Mtoto anayekimbilia mpira barabarani hana mita 7 za kukupa.

Na usiniambie breki ya mbele ipo. Ipo, na kwenye lami kavu ndiyo yenye nguvu zaidi. Lakini wewe na mimi tunajua vijana wengi wa boda wanaiogopa, kwa sababu waliambiwa itawarusha juu ya usukani. Mguu wa kulia ndio umebebeshwa kazi yote. Ukiingia barabara ya murram, au mvua inyeshe lami iteleze, huo woga una maana kidogo, maana ukibana ya mbele ghafla tairi inatoka na uko chini na abiria wako. Kwa hivyo ile breki wanayoitegemea kila siku ndiyo hiyo hiyo iliyolegea.

Mbona basi hairekebishwi? Watu husema ni pesa. Mimi naona ni ubishi wa nani alipe. Nduthi nyingi za kazi si za wanaoziendesha. Kuna mwenyewe, labda mwalimu au mama wa duka, na kuna kijana anayempelekea mia tatu au zaidi kila jioni. Injini ikifa, kila mtu anajua ni ya mwenyewe. Mafuta na panchari ni za kijana. Breki je? Mwenyewe anasema wewe ndiye unaikanyaga vibaya. Kijana anasema pikipiki si yangu, kwani nitengeneze mali ya mtu? Wanabishana hivyo wiki tatu, na abiria amekaa hapo nyuma akiangalia simu.

Msimamo wangu ni huu. Kukaza ni kazi ya anayeendesha, kila wiki, bila kungoja mtu, kwa sababu hakugharimu hata bob. Kununua shuu mpya, vile vipande viwili vinavyobana ndani ya habu, ni kwa mwenye pikipiki. Zimelika zikimtafutia hizo mia tatu zake. Kwa nduthi hizi za kawaida bei yake haifiki elfu moja. Mkubaliane hivyo siku mnapeana funguo, sio siku ya ajali.

Na kukaza kwenyewe, aki, ni rahisi mpaka unashangaa. Niliacha chuo kabla ya kumaliza diploma, sina cheti cha ufundi cha kukuonyesha, na hii nati haijawahi kuniuliza cheti. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati ili tairi ya nyuma iwe hewani. Fuata ile fito ya chuma inayotoka kwenye pedali mpaka kwenye habu, na mwisho wake utaona nati. Ukiwa nyuma ya pikipiki, izungushe kulia, nusu mzunguko kwa wakati. Upande wake mmoja una kijifereji kinachokalia pini ya mkono wa breki, kwa hivyo hakikisha umekisikia kikikaa. Ukiiacha nusu nusu, itajigeuza yenyewe na kulegea tena kabla hujafika mbali.

Pedali inatakiwa iwe na uhuru kidogo, sentimita 2 hadi 3 hivi kabla breki haijaanza kushika. Halafu zungusha tairi kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama, sawa. Ikisugua, umekaza kupita kiasi: rudisha nati kidogo. Wengi hukaza mpaka pedali inakuwa ngumu kama jiwe wakidhani ndiyo salama, kumbe shuu zinasugua siku nzima, habu inachemka na mafuta yanaisha haraka. Angalia na taa ya breki. Ukiguza uhuru wa pedali, taa inaweza kuwaka muda wote au kukataa kabisa, na swichi yake pia inarekebishwa.

Kuna jambo linalowapita wengi. Ukirudisha tairi nyuma ili kukaza cheni, breki nayo inakazika, kwa sababu fito imevutwa. Ukitoka kwa fundi wa cheni, pima breki upya.

Sasa nati ikifika mwisho wa nyuzi na pedali bado inazama, acha kukaza. Shuu zimeisha. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki na alama kwenye habu. Kanyaga mpaka mwisho, na mshale ukifika kwenye alama, hakuna mjadala. Lakini kuna mafundi wa kando ya barabara wenye ujanja wao. Badala ya kufungua tairi, wanachomoa ule mkono wa breki na kuurudisha umeruka jino moja. Pedali inarudi juu, unafurahi, unalipa, unaenda. Ndani hakuna kilichobadilika. Ukanyage kwa nguvu siku moja, kile chuma kinachosukuma shuu kinaweza kuzunguka kupita mahali pake na kukwama, na tairi ijifunge ukiwa mwendoni. Mshale nao unadanganya kuanzia siku hiyo. Fundi akifanya hivyo mbele yako, mwambie arudishe, afungue tairi, akuonyeshe shuu kwa macho. Akianza kupuliza lile vumbi la ndani kwa mdomo, songa mbali na umwambie afute kwa kitambaa chenye maji. Hilo si vumbi la kuvuta.

Na wewe abiria unaosoma hii ukidhani haikuhusu: kabla hujapanda, tazama mguu wa kulia wa dereva anaposimama mbele yako. Ukiona unazama mpaka chini, mwambie, "Bro, breki hiyo kaza kwanza, nitangoja." Ni dakika mbili. Akikataa, steji haikosi nduthi nyingine. Akikwambia ameweka shuu mpya asubuhi hiyo, mpande, lakini mwambie aende polepole. Shuu mpya hazishiki vizuri mpaka zilike kidogo zikae sawa na habu.