Kinga ya Majengo haijathibitishwa

Hoja zinazozunguka hapa mtaani Tena, Eastlands, kuhusu lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU, mmezisikia. Sasa zipimeni kwa ushahidi.

Ya kwanza inasema wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokaa miaka mingi bila kupata VVU wana protini, TRIM5 alfa, inayonasa kasha la virusi. Basi, inadai, damu ya Eastlands ina kinga yake. Kweli, mwaka 2010 watafiti wanaofuatilia kundi hilo la wanawake wa Pumwani walichapisha uhusiano kati ya badiliko moja la jeni hiyo na kutoambukizwa. Lakini walilinganisha jeni. Hawakupima protini ikishika kasha. Badiliko lenyewe liko kwenye eksoni ya 2, ilhali sehemu inayogusa kasha hutoka eksoni ya 8. Zaidi ya hayo, TRIM5 alfa iliyoonyeshwa mwaka 2004 kuzima VVU kwa nguvu ni ya tumbili aina ya rhesus. Ya binadamu huzuia kidogo tu. Na baadhi ya wanawake wale waliambukizwa baadaye. Kuwaambia vijana wetu kwamba wamezaliwa na kinga ni kuwahatarisha.

Ya pili: TRIM5 alfa ikikutanishwa na kipande kimoja cha kasha hushika kidogo mno, kwa hiyo vipimo vya kushikana havina maana. Huku ni kusoma nusu ya jaribio. Kasha zima lina vipande karibu 1,500, vilivyopangwa sita sita, na makundi 12 ya vitano yakilifunga. TRIM5 alfa hujisuka kama wavu juu ya mpangilio huo, na mishiko mingi dhaifu kwa pamoja haiachii kirahisi. Ndiyo maana maabara hujenga vimrija vya protini ya kasha, huvichanganya na protini inayochunguzwa, kisha huzungusha kwa sentrifugi. Iliyoshika huzama navyo. Isiyoshika hubaki kwenye maji ya juu.

Ya tatu, kwamba sindano hubadilisha jeni, ni uongo. Lenacapavir haikai kwenye jeni za mtu, bali kwenye kishimo cha kasha la virusi ambamo protini ya seli, CPSF6, hushika. Katika jaribio la PURPOSE 1, lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, wanawake 2,134 waliipata. Matokeo ya 2024 hayakuonyesha hata mmoja aliyeambukizwa.

Mtetezi wa hoja hizi anataka mshiko wa TRIM5 alfa, ambao utafiti wa Pumwani haukuupima, uwe ushahidi wa kinga, huku akikataa mshiko wa lenacapavir uliopimwa maabarani, na dawa yenyewe ikajaribiwa kwa watu. Kama vipimo vya kushikana havina uzito, hoja yake ya Majengo ndiyo ya kwanza kuanguka.