BURE NI YA KUJIFUNZA, SIO YA KUUZA! MWALIMU WA KINANDA WA IHANDA ASHUKE KIDOGO

Wadau, Ihanda kuna jamaa mmoja, jina tunaliacha, lakini watu wa Karagwe na Kyerwa washamjua. Ni yule anayejiita mwalimu wa kinanda, kofia kaigeuza nyuma hata akiwa mlango wa kanisa.

Mchongo wake ndo huu. Anaingia YouTube, anashusha masomo ya muziki ambayo wenyewe wameyatoa bure, anakata jina la mwenye somo, anajaza kwenye flashi na kuuza elfu kumi. Huna flashi? Unaingizwa kundi la WhatsApp, elfu tano kwa mwezi. Vijana wanatoa hela ya kahawa ya wazee wao, kumbe kitu chenyewe kipo kwenye simu zao hizo hizo, hakina kiingilio.

Ukimgusa anakwambia, "Si ni bure? Cha bure hakina mwenyewe."

Kinaye kaka, tena mwenye masharti! YouTube wameandika wazi: tazama utakavyo, rudia mpaka vidole viume, ila usishushe video mpaka wao wenyewe waweke kitufe cha kushusha, au uwe na ruhusa. Kuisambaza na kuiuza ndo kabisaa. Na huku nyumbani kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA wapo kwa kazi hiyo. Mtu akikufundisha bila kukudai hata mia, somo linabaki lake.

Kwenye midundo ndo balaa. Aliyeitengeneza kaandika pale chini kwamba ni bure kwa mazoezi, ukitaka biashara mtafute. Nani anasoma? Dogo anachukua, anaimba, anapandisha kwenye chaneli yake, mwenye mdundo analalamika. Onyo la hakimiliki likifika la tatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa na nyimbo zote humo ndani. Mwalimu hawaambii wanafunzi wake hilo, maana na yeye hajasoma.

Watetezi wake wanasema bando ghali, mtandao unasumbua, anawasaidia watoto wa vijijini. Hoja ipo, ila nusu. Akitaka kusaidia, awakusanye, wawashe simu moja, watazame wote, aliyefundisha ajulikane. Halafu akae na mtoto wa watu, amrekebishe vidole, amuonyeshe wapi kinanda kinapishana na kwaya. Kwa hiyo kazi atoze hata elfu ishirini, hakuna wa kumuuliza. Wazee wa enanga walifundisha hivyo hivyo, mtu pembeni ya mtu. Kugawa faili na kukunja mguu sio ualimu.

Kinachochekesha sasa. Mwaka jana chaneli fulani ilipandisha wimbo wake bila kumuuliza. Jamaa alilia status siku nne mfululizo, eti wanamuibia jasho lake, eti wasanii wa mikoani wanaonewa. Watu wakampa pole kibao, na alistahili kweli.

Sasa yule aliyekaa usiku kurekodi masomo, jina lake likakatwa sekunde ya tatu, la kwake sio jasho, ni maji ya mto Kagera?

Flashi bado zinauzwa. Wiki hii zimefika elfu kumi na mbili.