Mchekeshaji Naye Alipwe

Wako wenzetu katika kazi hii ya ualimu ambao hawawezi kulisikia neno "mchekeshaji" bila ya kukunja uso. Kwao mchekeshaji ni mtu aliyeshindwa masomo, mvurugaji wa ngeli, mtu wa kuitwa mwishoni mwa sherehe ili wageni wasisinzie. Dhana hiyo tunaipinga. Tunaipinga kwa haya pia, kwani sisi wenyewe tuliwahi kuifuata.

Mwezi wa Julai mwaka 2023, katika kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, sisi walimu wa chuo kimoja hapa Uganda tulimwalika kijana mchekeshaji kutoka Kampala. Alipoutaja ujira wake, kamati nzima iliangua kicheko. "Dakika ishirini tu!" tulisema. Basi mwenye maturubai alilipwa, mwenye vipaza sauti alilipwa, mpishi alilipwa, tena akafungiwa na nyama ya kwenda nayo. Kijana yule alipewa nauli ya kuja, ya kurudi ikasahauliwa. Akapewa soda moja, na hati ya shukrani yenye muhuri. Hati hailiwi.

Na tazameni alichokifanya. Hotuba nne zilikuwa zimetangulia, na wanafunzi walikuwa wakipiga miayo. Yeye aliigiza mzee auzaye ndizi kando ya barabara. Mgeni anafika, anamsalimu kwa Kiswahili na kuuliza bei. Kabla ya kujibu, mzee anainua mikono yake yote miwili juu. Ukumbi ulivunjika mbavu. Wazee waliokuwapo walicheka kuliko vijana.

Msomaji asiyeijua Uganda huenda asikione kichekesho hicho. Kwetu sisi Kiswahili kilivaa buti. Kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru kikabaki jeshini na kwa polisi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia walikuwa wakiuawa na askari wake. Kwa wazee wengi, basi, Kiswahili ni "simama" na "lete". Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kukifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo yote ni mema, lakini mikono ya mzee haiteremshwi kwa tangazo. Siku ile tuliona ikianza kuteremka kwa kicheko. Jirani zetu wa Kenya wanalifahamu jambo hili: mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kundi la Redykyulass walimwiga Rais Moi mbele ya watu, na wananchi waliozoea kunong'ona wakacheka kwa sauti.

Sasa tuzipime hizo "dakika ishirini tu". Kichekesho hakitungwi mezani kikaisha. Hujaribiwa usiku, katika baa ndogo, mbele ya walevi watano ambao hawakuja kumsikiliza mtu. Neno likiwekwa kabla ya mahali pake, hakuna anayecheka. Likisogezwa, watu wanacheka. Kazi ya dakika kumi huweza kuchukua miezi. Tena mwimbaji huombwa arudie wimbo ule ule mwaka hata mwaka, na mashabiki wakaimba naye. Mchekeshaji hana bahati hiyo. Kisa chake kikionyeshwa kwenye televisheni, au kikirekodiwa kwa simu na kusambazwa, hadhira ya kesho inaujua mwisho wake, naye hana budi kuanza upya. Ndiyo maana anategemea mialiko: harusi, karamu za makampuni, sherehe kama zetu. Akifika huko huambiwa angoje hadi saa sita za usiku, na akimaliza huambiwa, "Tutakutafuta."

Husemwa pia kwamba watu hawa wanaiharibu lugha. Hatukatai kuwa wako waharibifu. Wako wanaotegemea kuiga lafudhi ya kabila la jirani na basi, na hiyo ni kazi ya mvivu. Lakini mvivu hapatikani jukwaani peke yake. Hata katika vyumba vyetu vya madarasa yumo. Mchekeshaji anayeivuruga ngeli kwa makusudi hachekwi ila na watu wanaoijua ngeli iliyo sahihi. Mwanafunzi asipotuelewa, sifuri tunampa yeye. Hadhira isipomwelewa mchekeshaji, sifuri ni yake, papo hapo, mbele ya wote. Ni walimu wangapi kati yetu wangekubali kupimwa hivyo?

Kijana yule tulimtumia ujira wake mwaka mzima baadaye, baada ya mabishano makali katika kamati. Alishukuru, kisha akauliza kama na nauli ya kurudi imo. Haikuwamo.

Kwa hiyo tunawataka wenzetu, wa hapa na wa nchi jirani, washike mambo machache. Ujira ukubaliwe kabla ya siku na ulipwe siku ile ile. Kazi ya mtu isirekodiwe bila ya ruhusa yake. Na mchekeshaji aingizwe darasani, aeleze jinsi anavyolichagua neno na jinsi anavyolitupa lisilofaa, kwani hilo ni somo la utungaji ambalo wengi wetu hatuliwezi. Chama kinachojigamba kuwa kinaikuza lugha hakiwezi kumlipa mwenye maturubai kwanza na mwenye maneno asilipwe kabisa.