Chombo cha Angani Nacho Kina Sheria

Umeenea usemi miongoni mwa watunzi wetu kwamba mambo ya kubuni hayana sheria. Kwamba aandikaye habari za vyombo vya angani yu huru kuviunda apendavyo, kwani nani aliyekwenda huko kwenye nyota akarudi kumsuta? Usemi huu ni mtamu ulimini, lakini ni sumu kwa fasihi. Naupinga, na shahidi wangu namtoa huko huko angani.

Tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo Star Trek ilianza kuonyeshwa mwaka 1966. Si ngeni kwetu kabisa: jina la afisa wake wa mawasiliano, Uhura, lilichongwa kutokana na neno letu uhuru. Chombo chao, Enterprise, kilichorwa na Matt Jefferies, mtu aliyezijua ndege za kweli kabla ya kuchora za ndotoni. Naye alijiuliza maswali ya fundi. Injini zenye nguvu za kutisha namna ile zikae wapi? Mbali na watu. Ndipo akazitia katika nyumba mbili ndefu, zilizoshikwa na mikono nje ya kiwiliwili cha chombo. Kinachoharibika kitengenezwe wapi? Ndani, ndipo ngozi ya chombo ikaachwa laini, bila mabomba wala makorokoro.

Baadaye Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia hiyo, akaacha kanuni zinazotajwa hadi leo kwa jina lake. Nyumba za injini ziwe jozi. Zitazamane kwa angalau nusu yake bila kukingwa na kiwiliwili. Atazamaye kutoka mbele azione zote mbili kamili. Na chumba cha nahodha kiwe juu, katikati.

Msomaji wa mashairi ameshatabasamu, maana anaijua sheria hii kwa jina jingine. Mizani 8 za ukwapi hutazamana na 8 za utao, na kina cha kati huitikiwa na cha mwisho. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, naye alikuwa akiwaonyesha wenziwe jinsi chombo kiundwavyo.

Walakini nisidhaniwe kuwa askari wa kanuni. Roddenberry alifariki mwaka 1991. Mwaka 1994, katika kipindi cha mwisho cha Star Trek: The Next Generation, Enterprise ilitokea na nyumba tatu za injini. Sheria ilivunjwa, wala chombo hakikuanguka. Mtazamaji aliyezoea mbili alipoiona ya tatu alielewa papo hapo, bila kuambiwa, kwamba miaka imepita na chombo kimebadilishwa. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi. Mashairi yale yalishtua kwa sababu sikio letu lilikuwa likisubiri kina, na kina hakikuja. Pasipo kanuni, hata uasi hausikiki.

Watunzi ninaowalaumu hawavunji sheria yoyote, maana hawakuweka hata moja. Chombo chao kikizingirwa, huota silaha mpya katika ukurasa ule ule. Kikiishiwa nguvu, hupata nyingine isiyotajwa kabla. Nahodha haogopi, na msomaji kwa nini aogope? Asiyejua chombo hakiwezi nini, hawezi kuwahofia waliomo.

Nasi hatukukosa walimu. Kiswahili chenyewe huliita jahazi chombo, na chombo huja na nahodha, mabaharia na mkuku wake. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari, ukavutwa na tanga la mkeka. Mshono ule uliuwezesha kulegea ulipogusa mchanga badala ya kuvunjika. Gharama yake ni kwamba ulivuja, na mabaharia hawakuacha kukumba maji. Mfano wake uliwekwa Beit el Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nasi wa Singida, tulio mbali na bahari, tunayo tembe: fupi, paa bapa la udongo juu ya miti. Upepo wa kwetu haupati pa kulishika. Lakini mvua ikizidi, paa lile huloa na kuvuja. Mtepe na tembe vyote vina sababu ya umbo lake, na vyote vina mahali pa kuvuja. Hapo pa kuvuja ndipo hadithi inapoingilia.

Basi mtunzi, kabla hajakirusha chombo chake, na ajibu haya: kinakula nini, kinavuja wapi, nani hukitengeneza, na ni jambo gani kisiloliweza kamwe. Wala asituandikie majibu hayo kitabuni. Inatosha kuwa yeye anayajua na hayasaliti. Akishindwa kuyajibu, nauli ya kwenda Nungwi haizidi nauli ya kwenda kwenye nyota. Akaketi na waunda majahazi, awaulize kwa nini ubao huu umekaa hapa na si pale. Watamjibu.