Koti la London Newfoundland halitoshi

Dada yangu wa Tanga alinipigia simu wiki iliyopita, furaha imemjaa. Mwanawe amepata nafasi ya kusoma St. John's, katika kisiwa cha Newfoundland, mashariki kabisa ya Kanada, mji niliokaa miaka minne. "Nimetazama ramani," akasema. "Huko ni kusini ya London. Basi koti kuukuu la kaka litamfaa."

Ramani haikumdanganya. St. John's iko nyuzi 47 na nusu kaskazini ya ikweta. London 51 na nusu. Lakini sisi watu wa pwani, tuliolelewa na kaskazi na kusi, tunajua kwamba hali ya hewa huletwa na upepo na bahari. Uingereza hupata upepo uliopita juu ya maji ya vuguvugu yatokayo kusini. Newfoundland hupakana na mkondo wa Labrador, unaoteremka kutoka Aktiki na kuburura mapande ya barafu makubwa kama majumba. Mwezi wa tano watu hutoka na watoto kuyatazama. Maji hayo yakikutana na ya moto, ukungu huzuka. St. John's huupata zaidi ya siku 100 kwa mwaka. Na wakati wa baridi, asubuhi theluji, mchana mvua, usiku njia yote imeganda.

Tarehe 17 Januari 2020 zilianguka sentimita 76 za theluji kwa siku moja. Mlango wetu haukusukumika. Mji ukawekwa katika hali ya hatari siku nane, maduka yakafungwa. Tahadhari ilikuwa imetolewa mapema, ila mimi nilimwambia mke wangu maziwa ya mtoto tutanunua Jumamosi. Mtoto alikuwa na miezi mitano, na kopo lilibakiwa na maziwa ya siku mbili. Siku ya tatu jirani yetu, mzee wa watu, alichimba njia kwa koleo hadi dirishani, akatupa kopo la mjukuu wake. Mke wangu hajalisahau jambo hilo, wala haniachi nilisahau.

Nikamwambia dada: mwanao atafika mwezi wa tisa, ataona jua, atadhani mjomba ametia chumvi. Anunue hukohuko koti zito lisilopitisha upepo wala maji, na viatu vyenye soli ya kushika barafu, kabla ya mwezi wa kumi na moja. Na akisikia utabiri wa dhoruba, aende dukani siku hiyohiyo.

Dada alinyamaza kidogo. "Na koti la kaka?"

"Alivae ndani."