Vyuo vya Kanda Viungane, Cheti Kivuke Mto Kagera

MFANYABIASHARA wa Murongo anajua bei za pande zote mbili za mto Kagera. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda, na Kinyambo na Kinyankole vinasikilizana. Kinachomwangusha wengi ni hesabu na taratibu. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili. Asiyejua hupita njia ya panya na kuhatarisha mtaji wote.

Hasara ni ile ile kwenye kahawa. Mkulima anayeuza butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini, hupokea bei ya shida. Mnunuzi asiyejua madaraja naye hununua kwa kubahatisha.

Elimu ya kuziba pengo hilo ipo, ila mwenye duka hawezi kulifunga miezi sita aende chuoni. Dawa yake ni masomo ya masafa, na kanda hii si ngeni nayo. Makerere ilianza shahada za nje mwaka 1991, ikiwamo ya biashara. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Moshi ina chuo cha ushirika tangu 1963, ambacho leo ni chuo kikuu.

Kasoro ni kwamba kila chuo kina kozi yake, ada yake na cheti chake. Kuandaa kozi nzuri ni gharama kubwa mwanzoni. Ni kama kukodi lori: likienda nusu, kila gunia hubeba nauli kubwa. Moshi wangeandika somo la kahawa na ushirika, Makerere hesabu, Chuo Huria wakatoa vituo vya mitihani. Lori lingejaa, na ada ingeshuka.

Njia imekwisha fyekwa. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, linashughulikia ulinganifu wa ubora, na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza kanda moja ya elimu ya juu. Lakini mchuuzi wa mpakani hahitaji digrii. Anahitaji kozi ya miezi michache, kwa Kiswahili, yenye cheti kinachoheshimiwa Bukoba na Mbarara.

Watasema vyuo vinashindania ada, havitakubali kugawana. Jibu ni kwamba Murongo leo hakuna anayevuna ada hiyo. Nusu ya kitu ni bora kuliko yote ya hewa.

Ushirikiano usiwe kisingizio cha kuuza karatasi. Kabla ya kulipa, msomaji aulize: Je, kozi inatambuliwa na mamlaka za nchi zote mbili? Nani atasahihisha kazi zangu, na zitarudi lini? Mtihani utasimamiwa wapi? Je, kuna vijitabu, au kila kitu ni intaneti na vocha ni juu yangu?

Chuo kikishindwa kujibu, weka fedha yako kwenye maharage. Kikijibu vizuri, hesabu ada kama mtaji. Mtaji huo hauozi ghalani wala haukamatwi mpakani.